Kiolezo cha Mudathir

Mudathir alishuka kwenye basi pale Mikumi, shati jeupe limepigwa pasi, kompyuta kaikumbatia kama mtoto mgonjwa. Hatua ya kwanza tu akajikwaa kwenye beseni la Yusrah, muuza machungwa wa stendi. Machungwa yakabingirika hadi chini ya malori.

"Kaka, macho umeyaacha Dar?"

"Nimeyapata sasa hivi, dada."

Yusrah akacheka, na akicheka huwa keshasamehe.

Kijana alikuwa mtu wa programu. Alitumwa kuangalia malori na wanyama wanaovuka barabara, ili kompyuta iigize msongamano kabla haujatokea. Jioni alimwonyesha Yusrah kwenye kioo cha kompyuta: vidoti vyekundu malori, vya kijani pundamilia.

"Kila kazi unaandika upya yote haya?"

"Nitazeeka, mpenzi! Nina kiolezo kimoja. Kuna kinachofika, kinachosubiri, kinachoondoka. Hapa naweka lori, stesheni ya Kilosa naweka treni. Nabadilisha majina tu." Akamtazama. "Ila wewe, malkia, kompyuta haikukuona ukija."

Binti unayesoma, hapo ndipo pa kubeba beseni lako na kuondoka. Yusrah alikaa.

Kazi ikaisha, zikabaki simu.

"Umekula, malkia?"

"Nitakula ukija. Kimamba kwa baba yangu utakwenda lini kujitambulisha?"

"Karibuni, laazizi. Nisubiri."

Akasubiri. Akakataa posa ya fundi baiskeli, mtu mpole, baba yake akanuna. Akashona gauni la zambarau la siku ya kutambulishwa.

Siku moja Joha, binti wa mama yake mdogo, akaja kutoka Kilosa kumsalimia. Simu ya Joha ikaita.

"Dada, mchumba wangu huyo! Njoo usikie mwanaume anavyobembeleza."

Wakaunganisha masikio.

"Joha, malkia wangu, kompyuta haikukuona ukija."

Yusrah akaichukua simu taratibu. "Hujambo, shemeji?"

Mudathir akakata simu.

Kesho yake Mudathir akashuka stendi na shati lilelile. Akamkuta Yusrah ndani ya gauni la zambarau.

"Nisamehe. Yule ni wa stesheni, kazi ilipokuwa kule."

"Na mimi wa barabarani."

"Nakupenda wewe. Twende kwa baba leo hii."

"Niambie neno moja ambalo Joha hajalisikia."

Mudathir akafungua mdomo. Lori likapita, likapiga honi. "Malkia..."

"Amelisikia."

Basi la Kilosa, njia ya kwenda Kimamba kwa baba yake, likaanza kunguruma. Yusrah akapanda.

"Yusrah! Unarudi lini?"

"Wewe subiri," akasema dirishani.

Basi likaondoka.