Kiwavi Aliyevaa Sare ya Bendi

Kila mchana, Shangazi alipomaliza kula na kurudi kwenye cherehani yake, mimi nilijilaza chali sakafuni, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Hapo palikuwa na ubaridi mtamu. Jua liliingia kwa dirisha la juu likamwaga utepe mrefu wa mwanga chumbani, na ndani yake vumbi la nyuzi likaelea polepole, kama lisilo na haraka ya kufika popote. Cherehani ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Macho yangu yalikuwa wazi, ila nisingethubutu kuapa kwamba nilikuwa macho.

Naomba ieleweke kwamba huo haukuwa uvivu. Nilikuwa kazini. Mwalimu wetu wa biolojia, kule shule ya bweni, alitupa kazi ya likizo: tutafute viumbe hai, tuvichore, tuvipange katika makundi na kueleza kwa nini kila kimoja tumekiweka pale. Wenzangu, nilisikia, walikuwa vichakani wakichomwa na miiba. Mimi, baada ya kutafakari kwa kina, niliamua kwamba kiumbe mwenye akili timamu atakuja mwenyewe penye kivuli.

Na kweli walikuja. Alikuja buibui, mwenye miguu minane, kwa hiyo hana undugu wa karibu na sisimizi mwenye sita. Alikuja mjusi, akatembea darini kichwa chini kana kwamba sisi ndio tuliopinduka. Chini ya dirisha niliikuta kuvu, ambayo si mmea wala si mnyama, inaishi kivyake kama mjomba asiyetaka kuoa. Ukutani palikuwa pia na vipande vidogo vya kijivu, mfano wa punje za mchele zilizochakaa. Hivyo niliviweka kundi la uchafu, nikafumba macho.

"Umelala," alisema Kidoti, akichungulia chini ya meza. Kidoti ni binti wa Shangazi, ana miaka kumi, na huruma hana hata chembe.

"Ninatafiti."

"Mate yanakutoka."

"Ni sehemu ya utafiti."

Wiki hiyo Shangazi alikuwa na kazi kubwa. Bendi ya tarumbeta ya mji ilimletea makoti yake yote ya sufu, mekundu kama pilipili iliyoiva, ayabadilishe bitana na kukaza vifungo. Yalitundikwa ukutani yakiwa yamejipanga, mabega juu, kama watu wekundu waliosahau vichwa nyumbani. Nikiwa pale chini niliyatazama mpaka nikaanza kuyasikia yakipuliza wimbo mwororo usio na mwisho.

Wimbo ulikatika siku Shangazi alipoita, "Bwana Mkubwa! Njoo hapa."

Shangazi akiniita Bwana Mkubwa, mtu mwenye busara huvaa viatu tayari kwa safari. Nilitoka chini ya meza. Alikuwa ameshika koti moja mbele ya dirisha, na mwanga ulipenya kwenye kola kwa vitundu vingi. Koti la pili lilikuwa vilevile. La tatu pia.

"Matundu haya yametoka wapi?"

"Sijui, Shangazi."

"Jana mkasi wangu mdogo ulikuwa na nani?"

"Mimi. Nilikuwa nakata karatasi."

"Na likizo iliyopita, nani alishona mikono ya shati la mteja ikafungwa kabisa, yule baba wa watu akapigana nalo mbele ya kioo?"

Nilitazama sakafu. Lilikuwa pambano zuri, lakini wakati haukuwa wa kulisifu.

"Safari hii umechezea mkate wangu," alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Bendi hii ikiondoka, na wengine watawafuata. Kiongozi wao anakuja Jumamosi. Usiponiambia ukweli kabla hajafika, Jumapili unarudi kwa baba yako, na chumba hiki hutakikanyaga tena."

Nilifungua mdomo nikakuta hamna mzaha ndani. Hakuna mahali pengine duniani nilipopapenda kama pale, na safari hii sikuwa nimefanya kitu.

"Wewe unaniamini?" nilimuuliza Kidoti baadaye.

Alifikiri. "Kusema kweli, hata mimi ningesema ni wewe."

Nilipewa brashi niyapige makoti yote vumbi, kama adhabu ya kuanzia. Niliyapiga polepole, huku mawazo yakielea. Chini ya kola ya koti la nne palikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kinene kidogo katikati. Nilitaka kukifuta. Kikatembea.

Nilibaki nimeshika brashi hewani. Kipande kilisimama, kana kwamba nacho kimeniona. Kisha ncha moja ikafunguka, kikatoka kichwa kidogo cha kahawia na miguu sita myembamba, kikajivuta mbele pamoja na nyumba yake. Kilikuwa kiwavi. Alikuwa amejifumia kifuko kwa sufu ya koti lenyewe, nyekundu tupu, akajiingiza ndani. Anakula koti, na amelivaa! Kwenye bendi nzima hapakuwa na aliyevaa sare ikamkaa vizuri kama yeye.

Nilikimbilia ukutani nikagusa ile "takataka" ya kijivu kwa ncha ya penseli. Nayo ikatoa kichwa. Takataka yangu yote ilikuwa hai; iliyo ukutani ilivaa vumbi, iliyo kwenye makoti ilivaa sufu.

"Shangazi! Nimempata mwizi!"

Alichukua kioo chake cha kukuzia, kile cha kutungia uzi, akamtazama kiwavi kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi.

"Gundi umetoa wapi?"

"Gundi gani?"

"Uliyombandikia nyuzi huyu mdudu maskini."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa msiba wangu. Nilikuwa na ukweli mkononi, unatembea, na bado haukufaa kitu kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa wangu.

Nilikaa sakafuni. Vumbi liliendelea kuelea kwenye mwanga, halina habari na mtu. Nililitazama mpaka wazo likaja lenyewe, taratibu, kama mjusi.

"Shangazi," nilisema, "mchukue wewe. Mtie kwenye chupa, umwekee kipande cha sufu nyeupe utakachokata mwenyewe. Ifungie kabatini, ufunguo ukae kwako. Mimi nisiisogelee. Kama nyuzi nimebandika mimi, zitabaki nyekundu tupu."

"Na kama si wewe?"

"Atavaa nyeupe."

Siku zilizofuata zilipita kama ndoto ya mtu mwenye homa. Nililala chini ya meza bila kulala. Nilimwona kiwavi katika kila kivuli, akifuma, akisusia kufuma, akifa kwa ukaidi ili kunikomoa.

Ijumaa Shangazi alifungua kabati mwenyewe. Alipeleka chupa dirishani, akainua kioo chake. Kidoti alijipenyeza chini ya kwapa lake.

"Mama! Ana kola nyeupe!"

Kweli, kwenye ncha zote mbili za kile kifuko chekundu palizunguka ukosi mweupe, safi. Shangazi aliweka chupa chini kwa uangalifu, akashusha koti la kwanza ukutani. "Haya, tuyatoe juani. Yote."

Tulianika, tukapiga brashi kila mshono, tukageuza kila mfuko. Shangazi alichomoa nyuzi nyekundu kwenye pindo za ndani, akaziba matundu kwa sindano nyembamba hata jicho likakosa pa kushika. Jumamosi kiongozi wa bendi, mtu mwenye mashavu ya kupuliza, alionyeshwa chupa.

"Makoti yalikaa wapi mwaka mzima?" Shangazi aliuliza.

"Sandukuni, fundi. Chini ya ngoma."

"Na hamkuyaanika hata siku moja?"

"Fundi, sisi tunajua tarumbeta tu." Alimchungulia kiwavi, akacheka mpaka mashavu yakatetemeka. Aliahidi kuyaleta tena msimu ujao, kabla ya wadudu kuyaonja.

Alipoondoka, Shangazi aliniita kwa jina langu halisi, akanikalisha kwenye kiti cha wateja.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikuweka kwenye kundi kabla ya kuchunguza, na hilo ni kosa langu. Lakini sikiliza. Watu hawawezi kukuona ndani. Wanakupanga kwa yale wanayokuona ukiyafanya kila siku. Ukiwa mtu wa kudanganya kwa mzaha, siku ya kusema kweli utahitaji chupa, kabati na ufunguo. Mkweli huhitaji neno moja tu."

Niliinamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza likizo ile, umakini wa uso wangu ulikuwa wa kweli.

"Kwa hiyo sasa, Shangazi, mimi niko kundi gani?"

Alitunga uzi, akaukata kwa meno, akanitazama kupitia kile kioo mpaka jicho lake likawa kubwa kama sahani.

"Bado nachunguza," alisema.