Mstari Uliofungwa

Jioni hiyo Kifutu alikuwa anafuata wino tu.

Jua lilikuwa linaaga juu ya mapaa ya bati, maduka yanashusha milango, naye anakata mtaa kwa hatua zake zile za mtu anayekwenda kudai haki. Jina la Kifutu hakupewa na mzazi. Alipewa na wateja, kwa sababu ya hasira zake, kama za nyoka huyo: ukimkanyaga hata kwa bahati mbaya, anauma kwanza, ndipo anauliza ni nani. Alikuwa mchora mabango. Hakufundishwa na mtu. Vinyozi, wauza dawa, mafundi viatu, herufi zao zote zilitoka mkononi mwake, na sifa yake ilikuwa moja: herufi ya Kifutu haina ufa. Mstari unaanza, unazunguka, unarudi ulipoanzia, unafunga kama kifuniko cha sufuria.

Sasa ilikuwa wiki ya nne anajifunza uchoraji mwingine kabisa. Unachora kwa kalamu ya kuchovya na wino mweusi, mistari mitupu. Ikikauka, unapitisha juu yake rangi ya maji, nyepesi kama chai ya mgonjwa. Mwalimu wake alikuwa bibi mmoja aliyeishi peke yake nyuma ya kiwanda cha zamani cha kuchapa vitabu. Watu walimwita Mama Wino.

Na kwa nini mtu mzima arudi darasani? Dada yake. Wazazi walikwishatangulia, wamebaki wawili. Alimlea tangu binti ana miaka sita, hadi akawa fundi cherehani mwembamba, mwenye maneno ya kuchoma, anayeitwa Sindano mtaa mzima. Jumamosi angeolewa na mchomelea vyuma, ahamie mbali. Kifutu alitaka kubaki na sura yake ukutani. Alikwishajaribu kwa rangi za mabango. Kila mara alipata tangazo la sabuni.

Alibisha hodi. Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia."

Chumba kilinuka chuma kilicholowa. Ukutani zilining'inia picha za wanafunzi, maana Mama Wino alikuwa na desturi: siku ya kwanza yeye ndiye anayekuchora, uone mkono unavyokwenda. Ya Kifutu ilikuwa pale pia, karibu na dirisha. Mistari mitupu, bila rangi, na kwenye bega la kushoto mstari umeachwa wazi, upana wa ukucha. Tangu siku ile Kifutu alikuwa akisikia kaubaridi kwenye bega hilohilo. Kaupepo kembamba... kama mtu anapuliza kwa mrija. Alilaumu madirisha ya watu.

"Wino umeniishia," alisema. "Na leo namchora dada."

Mama Wino hakugeuka. "Yu hai?"

"Sasa mama, nichore maiti?"

Mabega ya bibi yalitikisika. Alikuwa anacheka, lakini sauti haikutoka. Akampa kichupa kidogo, cheusi, chenye uvuguvugu kama yai lililotoka kwa kuku sasa hivi.

"Sheria?"

"Mstari kwanza, maji baadaye. Wino ukauke."

"Na?"

"Na mstari usifungwe," Kifutu alijibu kama mtoto anayekariri jedwali. "Niache mlango. Kwenye bega, kwenye nywele, popote. Rangi ipate pa kutokea."

"Umesikia kwa sikio tu," bibi alinong'ona. "Haya. Nenda."

* * *

Sindano alikaa kwenye kigoda kando ya cherehani yake, mikono mapajani, taa ikimwangaza kutoka kushoto.

"Kaka, usinichoree pua kama kitasa."

"Kaa kimya. Pua yako nimeifuta kamasi miaka kumi, naijua kuliko wewe."

"Na fanya haraka. Shemeji yako atapita hapa saa moja."

"Atasubiri. Amekuchukua mzima mzima, anakimbilia wapi?"

Alisema kwa mzaha, lakini kalamu ilikwaruza karatasi.

Mstari ulitoka vizuri. Nisikudanganye, ulitoka vizuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Paji la uso, shavu, shingo ile ndefu, bega, mkono wa kulia, magoti, kisha mkono wa kushoto ukipanda taratibu kurudi kwenye nywele. Ikabaki nafasi ya ukucha juu ya sikio.

Kifutu akaiangalia ile nafasi.

Miaka ishirini ya mabango ilikuwa mkononi mwake. Kazi yenye ufa si kazi. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata ungempiga asingelikiri: hakutaka aende.

Akaufunga mstari.

Taa ikapepesuka. Kisha kimya. Hata kelele za mtaani zilikatika, kana kwamba mtu ameweka bakuli juu ya nyumba.

"Kaka," alisema Sindano, "umefunga dirisha?"

"Halijafungwa. Tulia, nimalize."

Hapo ndipo alipokosea mara ya pili. Wino wa dukani hukauka upesi. Huu hakuujaribu hata kwa kidole. Alichovya brashi kwenye maji, akaokota rangi ya kijivu, akaweka kivuli chini ya taya. Mara moja tu.

Mstari ukayeyuka.

Weusi ukatambaa ndani ya kijivu, vinyuzi vinyuzi, kama mizizi. Ukashuka shingoni.

"Mbona baridi hapa..." Sindano alijishika shingo. Alipotoa mkono, vidole vilikuwa vimelowa maji ya kijivu.

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu, na kitu cheusi kikaruka kikachafua shela nyeupe iliyokuwa kwenye cherehani.

Chini ya taya, ngozi ilifunguka. Hapakuwa na kisu. Ilifunguka yenyewe, pale pale mstari ulipoyeyuka, na damu ikachuruzika hadi kifuani.

Hakupiga kelele. Aliinuka akakimbilia mlangoni, na mlango ulikuwa wazi.

Paa!

Aligonga hewa. Kifutu aliona kwa macho yake. Paji la uso la dada yake lilipasuka kwenye nafasi tupu, katikati ya mlango uliokuwa wazi, na damu ikabaki imening'inia pale ikitiririka juu ya kitu kisichoonekana, kama mvua kwenye kioo. Akajitupa tena. Paa! Kwa bega. Kwa ngumi. Kwa meno.

"Kaka... nitoe."

Kifutu alinyoosha mkono, ukapita. Yeye hakuzuiwa na chochote. Alimshika, akamvuta kwa nguvu zake zote, akasikia bega la Sindano likiteguka, lakini hatoki. Alikuwa amefungiwa ndani ya umbo lake mwenyewe.

Akatazama picha. Weusi ulikuwa umefika kifuani. Akaelewa.

Akaunyanyua ubao uliobandikwa karatasi. Ukainama kidogo tu, na maji ya rangi yakaelekea upande. Sindano akayumba upande huohuo, akabamiza ukuta.

"Subiri! Usife! Nakuja!"

Akatoka mbio. Mbio gani, jamani, za mtu aliyebeba ubao sawasawa kama sinia la vikombe? Magoti yamekunjika, macho kwenye karatasi, matusi mdomoni kwa kila aliyemkaribia. Kwenye kona baiskeli ilimpiga kiuno. Ubao ukaenda chini upande wa kulia.

Nyuma yake, nyumba tano nyuma, alisikia mfupa ukivunjika... na sauti iliyofuata.

Hakugeuka.

* * *

"Umefunga," alisema Mama Wino.

Alikuwa amekaa mezani, kama aliyekuwa akimsubiri. Mbele yake wembe, kitambaa kikavu, na bakuli tupu.

"Fungua!"

"Mimi sifungui. Mimi mwenyewe nilifungwa, na aliyenichora alikwenda kunawa mikono, hakurudi."

Kifutu aliweka ubao mezani, taratibu, taratibu kabisa. Kisha akampiga. Alimpiga bibi wa watu kwa kiganja, kwa nguvu zake zote, na mpaka leo angekwambia angerudia.

Shavu halikulia. Lilifutika.

Jicho, pua, nusu ya mdomo, vyote vilivutwa pembeni na mkono wake, vikaacha bapa la weusi hadi sikioni. Chini ya weusi ule hapakuwa na nyama wala mfupa. Palikuwa peupe. Peupe pa karatasi. Kiganja chake kilikuwa kimelowa wino wa vuguvugu.

Nusu ya mdomo iliyobaki ikanong'ona. "Utachezea nafasi yako? Wembe huo. Kwangua mstari. Fungua mlango. Lakini kumbuka... pale utakapokwangua ndipo kitakapotokea."

"Kitatoka nini?"

"Rangi haipotei, mwanangu. Lazima ipate pa kwenda."

Kwenye karatasi, weusi ulikuwa unagusa kifua cha kushoto. Kifutu alishika wembe. Popote atakapogusa ni dada yake. Kwenye sikio? Karibu mno na jicho. Bega? Liko juu, maji hayapandi. Akatazama mikono ile miwili midogo aliyoichora vizuri mno. Wa kulia ndio unaosukuma kitambaa kwenye cherehani.

Akachagua kidole kidogo cha mkono wa kushoto.

Krrr... krrr...

Wembe ulikwangua wino. Karatasi ikatoa unyevu. Ikatoa joto. Nyumba ilikuwa mbali, lakini alimsikia, alimsikia waziwazi kana kwamba ameweka mdomo sikioni mwake, akilia kama mbuzi aliyefungwa miguu. Kifutu alilia naye, lakini mkono haukusimama. Mara ya nne, mstari ukakatika.

Akainua ubao, akauinamisha upande wa kidole.

Weusi wote ukageuka njia. Ukatoka kifuani, ukashuka mkononi, ukapita pale kwenye ufa, ukadondoka. Mama Wino alikwishaweka bakuli chini. Tone. Tone. Kisha mfululizo. Mwekundu, si mweusi.

Aliliinua bakuli kwa mikono miwili akanywa.

Na lile jicho lililofutika likarudi. Pua ikarudi. Shavu likajaa, laini kuliko mwanzo, shavu la mwanamke wa miaka arobaini.

"Wewe ndiye wa kwanza kunipiga," alisema, sasa kwa sauti kamili. "Wengine hulia tu."

Akatazama ukutani, karibu na dirisha. Kifutu akafuata macho yake. Picha yake mwenyewe. Mistari mitupu. Bega la kushoto, nafasi ya ukucha.

Kifutu aliruka juu ya meza kuifuata.

Simu ikalia mfukoni.

Angeiacha iite. Lakini kuna mlio mmoja tu ambao Kifutu hakuwahi kuuacha uite tangu dada yake apate simu. Akapokea, macho chini kwa pumzi moja tu. "Kaka," sauti ya Sindano ilikuwa kama uzi, "niko nje. Niko barabarani. Kidole changu kimeanguka."

Alipoinua macho, palikuwa na meza, kitambaa, na bakuli lililolambwa. Mama Wino hayupo. Ukutani, karibu na dirisha, kulikuwa na msumari mtupu.

* * *

Sindano aliolewa miezi mitatu baadaye, mifupa ilipounga. Ana vidole tisa, na kovu chini ya taya lililonyooka kama lililopimwa kwa rula. Madaktari waliandika ajali ya mashine. Mumewe alimuuliza mara moja, akaacha.

Siku ya kuondoka alimkumbatia kaka yake kwa mkono mmoja.

"Nilikusikia ukichagua," alimnong'oneza. "Kabla hujafika kwenye kidole. Ulitazama sikio. Ulitazama bega. Popote ulipotazama, paliuma."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Lakini lile la kwanza, kaka... ulifunga kwa kusahau?"

Kifutu ni mtu wa kusema ukweli, ndiyo fahari yake pekee. Akafungua mdomo. Akaufumba.

Sindano akapanda gari.

Picha ya dada, iliyokwisha kumwaga wino wote, aliichoma. Aligonga kila nyumba akimtafuta Mama Wino, akavunja mlango wa kiwanda, akapigana na mlinzi, akang'oa hata mbao za sakafu. Hakuna. Akarudi kwenye mabango yake. Sasa herufi zake zina ufa, kila moja, na wateja wananung'unika; anayelalamika sana anafukuzwa na brashi.

Na kila siku, kabla hajafanya lolote, alitega bega la kushoto. Kaubaridi kapo? Kapo. Kale kaupepo kembamba alikokachukia ndiko kakawa faraja yake.

Leo jioni alikuwa juu ya ngazi, chini ya kibaraza cha bati cha duka la dawa, akimalizia herufi ya mwisho. Mtaani upepo ulikuwa unapeperusha karatasi na nguo za watu kwenye kamba. Akatega bega.

Joto.

Akaligusa. Akavua shati, akaligusa tena.

Kelele za mtaani zikakatika.

Alinyoosha mguu ashuke ngazi, na unyayo wake ukagonga hewa.

Kisha tone la kwanza la maji, baridi, likamgusa shavuni. Juu yake bati lilikuwa kavu.