Vishada Vyeusi kwenye Shati la Rrapo

"Umemuua mume wangu kwa ajili ya mafuta, we Thoma. Mafuta."

"Nazmije, uchungu wako nauelewa. Lakini hilo usinibandike."

"Nani mwingine ana pipa la mafuta ghafi bandani? Mimi?"

"Mji wote wa Patos unalo, mama. Hata padri."

Mtaa mzima ulikuwa umejazana kwenye uzio wa kisima cha mafuta, vikombe vya kahawa mkononi, asitake mtu kupitwa na neno. Ndani ya uzio alilala Rrapo, mlinzi wa kisima, kisogo kimepasuliwa kwa chuma. Kwenye mkono wa shati lake kulikuwa na doa jeusi. Muuaji alimshika hapo kwa vidole vyenye mafuta.

Inspekta Zamira Kapllani alichukua sampuli mbili: ya doa, na ya pipa la Thoma. Kisha akamtia Thoma pingu.

"Zikifanana, ni kesi ya mauaji," alimwambia.

Katika maabara ya mji wa Fier, mkemia Pandeli alimpisha kwenye hadubini. Mafuta ya Thoma yalikuwa kahawia tupu, laini. Ya shati yalijaa vishada vyeusi, kama masizi yaliyogandana.

"Uchafu?"

"Asfaltini. Ndiyo sehemu nzito kuliko zote ya mafuta ghafi. Ni vibapa vidogo mno, kimoja kimoja hata hadubini hii haikioni. Katika mafuta yake yenyewe vinaelea kwa amani. Tia petroli, vinakimbiliana, vinapandana kama sahani, vinashikana mpaka unaviona hivyo."

"Kwa hiyo muuaji alichanganya petroli."

"Na mpira wake wa kunyonyea mafuta lazima umeziba. Katafute."

Zamira alirudi Patos, akapekua banda hadi banda. Mpira aliukuta nyuma ya nyumba ya Nazmije mwenyewe, kwenye chumba cha kaka yake, Besnik. Aliupasua kwa kisu. Tope jeusi lenye chembe, linalonuka petroli, lilikuwa limeshindiliwa humo.

"Petroli ya nini, Besnik?"

"Ya pikipiki."

"Iko wapi pikipiki?"

Mlangoni, dada yake, Nazmije, alikuwa amesimama. Besnik alimwona, akakiri.

"Nilikwenda kuiba kisimani. Mafuta yetu mazito, na baridi hii hayatembei. Nikayalegeza kwa petroli. Yakaganda mpirani. Nilikuwa nimeinama nazibua, nikamsikia Rrapo, 'Shemeji, ni wewe?'"

"Ukafanyaje?"

"Nilimshika mkono, nikamsihi. Akasema twende kituoni, atasimama na mimi. Mimi niko nje kwa msamaha, Inspekta. Ningerudishwa jela. Alipogeuka kutangulia, spana ilikuwa mkononi mwangu."

Nazmije hakulia. Alitoka mpaka barabarani, ambako askari alikuwa amemrudisha Thoma na kumfungua pingu.

"Thoma," alisema, akasimama mbele yake.

Thoma alisugua vifundo vya mikono, akalifungua geti lake.

"Kwako kuna msiba, jiko haliwashwi. Mke wangu ameshapakua. Ingia ule, Nazmije."