Mbwa Aliyenyolewa Nusu

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alivua sare yake, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akala, kisha akaingia chumba cha nyuma. Humo ndimo mama yake alimofanyia kazi ya kuosha na kunyoa mbwa. Kilikuwa chumba kidogo chenye dirisha moja, beseni kubwa la bati, na meza iliyotandikwa mpira mgumu ili mbwa asiteleze. Manyoya yalikuwa kila mahali: sakafuni, kwenye pazia, mpaka kwenye kikombe cha mama.

"Wenzetu wanakunywa chai ya maziwa, sisi ya manyoya," mama alipenda kutania, huku akiopoa unyoya kwa ncha ya kijiko.

Zamani mama alikuwa akifua mashuka ya hoteli. Hoteli ilipofungwa, alianza kuwanyoa mbwa wa majirani. Mwanzoni watu walimcheka wakamwita kinyozi wa mbwa. Walipoona mbwa wanatoka pale safi, wepesi, hawajikuni tena, kicheko kikaisha na wao wenyewe wakaanza kuja.

Jina la Chiriku, nalo, mtoto alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akifagia, aliongea akila, na mama alidai kwamba huongea hata usingizini. Mbwa walimpenda kwa hilo. Aliyetetemeka mezani alitulia akiisikia ile sauti ikimsimulia habari za shuleni bila kukoma.

Siku moja mashine ya kunyolea iliyotumika miaka yote ilitoa moshi, ikakohoa, ikanyamaza moja kwa moja. Mama na Chiriku wakaenda kwenye duka la vifaa vya mifugo.

Macho ya Chiriku yaliiona mara moja mashine ya rangi ya waridi, nyembamba, inayong'aa kama pipi.

"Mama, hii! Hii hii!"

Muuzaji, dada mmoja mpole mwenye miwani, alitabasamu. "Inapendeza, mdogo wangu. Ila hiyo ni ya nywele za watu. Ukiitia kwenye manyoya mazito ya mbwa itakwama njiani kama gari kwenye matope." Akamgeukia mama. "Mbwa wenu wengi ni wa namna gani?"

"Wengi wana manyoya marefu yanayojisokota," mama alijibu. "Na waoga wako wengi."

Dada akateremsha mashine ya kijivu isiyo na urembo wowote. Alimpa mama aishike ili aone kama uzito wake utamchosha mkono. Akaiwasha karibu na sikio la Chiriku ili wasikie kwamba haingurumi sana. Kisha akabonyeza kitufe, na meno ya mashine yakachomoka mkononi mwake. Vilikuwa vibamba viwili vya chuma vilivyolaliana, kila kimoja kina meno kama kitana.

"Hiki cha chini kimetulia, cha juu kinakwenda huku na huku. Manyoya hukatwa katikati yao. Yakiisha makali, mnayachomoa na kuyaleta hapa niyanoe, si lazima mnunue mengine. Lakini yatadumu mkiyatunza. Mbwa aoshwe kwanza, maana mchanga ndio unaokula makali. Kila mkimaliza, pigeni meno brashi mpaka manyoya yote yatoke, kisha tieni tone la mafuta. Yakikauka husagana, yanapata moto, na moto huo unaishia kwenye ngozi ya mbwa."

"Kazi hiyo niachieni mimi!" Chiriku alisema kwa sauti kubwa.

Na kweli, mwanzoni aliifanya. Alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, akachomoa meno, akayapiga brashi, akatia mafuta, akafuta, akarudisha kila kitu ndani ya kisanduku. Mama alimtazama kwa furaha, akamwambia kwamba siku hizi ana msaidizi wa kweli.

Halafu kukaja mashindano ya kuruka kamba. Wasichana wa mtaani waliunda kikundi, na kila jioni walimwita Chiriku dirishani. "Njoo basi! Tunakungoja wewe tu!" Kupiga brashi kukaanza kuonekana kazi ndefu. Siku moja akafuta mashine kwa nje tu, ikang'aa, akaifungia kwenye kisanduku na kukimbia.

"Umeitia mafuta?" mama aliuliza usiku wakila.

"Ndiyo, mama."

Jibu lilimtoka jepesi hata mwenyewe akashangaa. Kesho yake hakuna kilichoharibika. Mashine iliwaka, mbwa walinyolewa. Basi akafanya hivyo tena, na tena, na kila mama alipouliza, jibu lilikuwa lile lile.

Miongoni mwa wateja wao alikuwapo dereva wa lori mstaafu, aliyeishi peke yake na mbwa wake mweupe. Watu walimwita Mzee Breki kwa sababu alitembea kwa mkongojo na kusimama kwa kila mtu aliyemsalimu. Mbwa huyo yeye alimpa jina la Sufi, na lilimfaa, kwani manyoya yake yalikuwa mengi hata macho hayakuonekana. Sufi alikuwa hapendi kushikwa na mtu. Ilimchukua mama muda mrefu kumzoesha, lakini sasa alikuwa akipanda mezani mwenyewe na kulala chali kama mtoto.

Siku hiyo, Mzee Breki alikaa mlangoni akipiga soga na Chiriku, mama akaanza kazi. Upande wa kwanza ulikwenda, ingawa mashine ilivutavuta manyoya badala ya kuyakata. Mama alikunja uso, akapitisha tena pale pale. Alipofika tumboni, ambako ngozi ni laini, Sufi alipiga ukelele uliomsimamisha kila mtu. Akajirusha chini, akajibanza nyuma ya beseni, akitetemeka mwili mzima.

Mama aligusa meno ya mashine kwa kidole, akakivuta haraka. Yalikuwa ya moto kama kijiko kilichosahauliwa kwenye sufuria.

"Mungu wangu! Nimemuunguza!"

Walimpata kwa shida. Tumboni palikuwa na mstari mwekundu, na mahali fulani ngozi ilikuwa imebanwa na kuchubuka. Mama alipawekea kitambaa cha maji baridi. Alipoinyoosha tena mikono yake, mbwa yule aliyekuwa akilala chali alimwonyesha meno.

"Usijilaumu, mama Chiriku," Mzee Breki alisema taratibu, lakini uso wake ulikuwa umesinyaa. "Ngoja nimpeleke kwa daktari wa mifugo." Akaondoka naye, upande mmoja umenyolewa, upande mwingine manyoya yananing'inia.

Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. "Yule mzee hana mtu mwingine," alisema. "Na mimi nimemuumizia huyo mmoja aliye naye." Akasimama ghafla. "Yule dada ametuuzia kitu kibovu. Kesho ninamrudishia mashine yake, na maneno yangu atayasikia!"

Alfajiri Chiriku aliamka kabla ya mama, akachomoa meno. Ndani yalikuwa yamejaa manyoya yaliyoshikana na uchafu, meusi kama masizi. Akayasugua, akayatia mafuta, akarudisha. Alijiambia kwamba sasa hakuna atakayejua.

Dukani mwenye duka mwenyewe alikuwapo. Mama aliweka mashine juu ya kaunta akaeleza yote kwa hasira. Watu waliokuwa wakinunua chakula cha kuku waligeuka kutazama. Mwenye duka alimwita yule dada.

"Wewe ndiye uliyemuuzia? Ulimwambia inafaa?"

"Ndiyo, bosi." Dada alichomoa meno, akayaelekeza kwenye mwanga, akayageuza. Makali yalikuwa yamekwisha kabisa. "Ajabu. Yamesafishwa vizuri, na mafuta yapo. Meno mapya hayaishi haraka hivi kama yanatunzwa." Alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. "Labda mimi ndiye niliyekosea. Labda sikuichagua vizuri. Mama, nisamehe. Na mbwa, anaendeleaje?"

"Nimekwambia mara ngapi usimshauri mteja jambo usilo na hakika nalo?" mwenye duka alisema mbele ya watu wote. "Tutaongea baadaye."

Dada aliinamisha kichwa. Chiriku alimtazama. Alikumbuka jinsi alivyomwekea mashine sikioni na kumwita mdogo wangu.

"Si yeye," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Si yeye! Ni mimi. Sikuwa ninayapiga brashi. Wala mafuta sikutia. Nilikuwa ninakimbilia kamba. Leo asubuhi ndipo nilipoyasafisha ili... ili msijue."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama alimwangalia, kisha akageuka, si kwa binti yake, bali kwa yule dada.

"Dada yangu, nimekuja hapa nikakuvunjia heshima mbele ya watu kwa kosa lisilo lako. Naomba unisamehe. Na wewe, bwana, usimseme tena. Alituelekeza vizuri kuliko mtu yeyote."

Mwenye duka alikohoa, akasema kumbe, basi yameisha, akajishughulisha na magunia yake. Dada akavaa miwani. Alishusha pumzi ndefu, kisha akamshika Chiriku bega. "Njoo nyuma uone tunavyoyanoa."

Nyuma ya duka palikuwa na sahani ya chuma inayozunguka, imepakwa unga mgumu wa kunolea. Dada alishika kila kibamba kwa sumaku, akakikandamiza juu yake polepole, mpaka uso wa chuma ukawa sawa na kung'aa. Alijaribu makali kwa kipande cha pamba. Pamba ikakatika bila kuvutika. "Umeona? Makali yanarudi," alisema. "Lakini kila nikiyanoa, chuma kinapungua kidogo. Ndiyo maana kutunza ni bora."

Walipokaribia nyumbani mama alisimama. "Kwa Mzee Breki utakwenda mwenyewe. Sitakusindikiza."

Chiriku alimkuta mzee barazani, Sufi amelala miguuni pake na dawa tumboni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kumwona mgonjwa? Mtazame mwenyewe. Huku kondoo, huku panya! Wapita njia wananiuliza kama ninafuga wanyama wawili."

Chiriku hakuweza kucheka. Alimweleza yote, akilia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akapapasa mkongojo wake.

"Nimeumia, sitakuficha," alisema. "Lakini umekuja kwa miguu yako na kunitazama machoni. Mimi nimekusamehe. Ila aliyeungua si mimi. Na huyu huwezi kumwomba msamaha kwa mdomo."

Tangu hapo Chiriku aliwaaga wenzake wa kamba mapema, akawa anakwenda kukaa kwenye baraza ile. Mwanzoni Sufi alihamia upande wa pili wa kiti cha mzee. Chiriku hakumfuata. Alikaa sakafuni akazungumza tu, habari za hesabu, za mvua, za mwalimu aliyevaa viatu visivyofanana. Kidogo kidogo Sufi akasogea. Siku moja aliweka kidevu juu ya goti lake, na Chiriku akaogopa hata kupumua. Baadaye alikuja na mashine ikiwa imezimwa, akaiweka chini ili mbwa ainuse. Kisha akaiwasha mbali, ndani ya nyumba, kisha karibu kidogo.

Jeraha lilipopona, mama aliitwa barazani. Alinyoa upande uliobaki pale pale, Sufi akiwa amelaza kichwa mapajani mwa Chiriku. Kila baada ya muda mfupi Chiriku aliyagusisha meno kwenye kifundo cha mkono wake. "Yanaanza kupata joto, mama." Mama alizima, wakasubiri yapoe, wakaendelea. Manyoya yaliteleza chini bila kuvutwa. Walipomaliza, Sufi alijikung'uta, akazunguka baraza mbio, akarudi kumlamba Mzee Breki mkono.

"Kumbe una macho!" mzee alicheka, akamshika mbwa wake uso kwa mikono miwili.

Jioni, mama na binti walikaa chumba cha nyuma. Chiriku alipiga meno brashi, akatia mafuta, akayafuta. Mama alimwangalia akimaliza.

"Hata mimi nina langu," mama alisema. "Niliona mashine inavuta, nikasema nimalizie tu. Ningesimama, Sufi asingeungua. Kwa hiyo tumekosa wote. Lakini kuna jambo moja nataka ulielewe, mwanangu. Uvivu wa siku moja ungenikasirisha kidogo tu. Tungeyasafisha meno pamoja, ukaenda kuruka kamba yako. Ni ile 'ndiyo, mama' iliyomfikisha mbwa kwenye maumivu, na ikakaribia kumharibia dada wa watu kazi yake. Mashine ikiwa butu tunajua pa kuipeleka. Mimi nikianza kukuuliza kitu mara mbili kwa sababu siamini jibu lako la kwanza, hilo nitalipeleka kwa fundi gani?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Niulize leo, mama."

"Haya. Umeitia mafuta?"

"Nimetia. Lakini kibamba cha juu sijakifuta vizuri, bado kina mafuta mengi."

Mama akamtupia kitambaa kikavu, akatabasamu. "Basi kifute."