Maneno Matatu ya Papa Manassé

— Huyu kijana ni nani?

Watu wote uani wakacheka. Wazee wa Butembo wana tabia ya kuwasumbua wakwe kidogo kabla ya kupokea kibuyu, basi kila mtu alidhani Papa Manassé anatania. Hata Sadrack alicheka, na kicheko chake chajulikana, huvuka ukuta mpaka kwa jirani. Alikuwa amepiga magoti kwa suti mpya, kibuyu cha kasiksi mikononi. Ametoka Beni asubuhi na shangazi yake na ndugu zake, kuja kumposa Séphora, binti wa Papa Manassé.

— Papa, ni mie Sadrack. Wa Beni, wa kakao.

— Sikujue. Unakuja kwangu na pombe, unataka kuniibia mutoto?

Kicheko kikakatika. Kijana huyu alikula katika nyumba hii mara nyingi mno. Miezi michache tu nyuma, mzee mwenyewe alimwita "mutoto wangu".

Séphora alitoka ndani mbio, kitenge nusura kimwangushe.

— Papa! Njo Sadrack huyu! Ulishamukubali!

— Mie? Nikubali mwizi? Atoke! Atoke hapa!

Akakipiga kibuyu kwa mkono. Pombe ya ndizi yote ikamwagika juu ya suti na ardhini. Kwao, kasiksi ikimwagika kabla baba wa msichana hajaionja, maneno yamekwisha. Haihitaji mtu kueleza.

Tante Godelive, shangazi wa Sadrack, alisimama taratibu, akajifunga kitenge upya.

— Tumetoka mbali, leo tunaitwa mwizi mbele ya batu. Sadrack, simama. Tunaenda.

Sadrack alimtazama Séphora kama mtu anayeomba asemewe neno. Wageni wakaondoka, masufuria ya wali na nyama yakabaki kama yalivyopikwa.

Sasa sikilizeni jambo linaloumiza. Séphora alikuwa anamalizia master yake juu ya uzee na afya. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani kuwapima wazee kumbukumbu. Unampa mzee maneno matatu, mnazungumza mengine kidogo, kisha unamuomba ayarudie. Na kabla ya kwenda kwa watu, alikuwa akijizoeza nyumbani kwa baba yake, jioni baada ya jioni, kwa maneno yale yale: jembe, ndizi, taa. Papa Manassé aliyajibu hata kabla ya kuulizwa. Binti akawaambia rafiki zake: "Papa yangu ana kichwa kunipita mie!" Maskini, yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha jibu.

Mchana ule, uani pakinuka kasiksi, alikaa miguuni pa mzee.

— Papa, nakupatia maneno ingine. Kisu, mbuzi, mvua. Rudilia.

— Kisu, mbuzi, mvua.

Wakaongea juu ya baridi, juu ya maharagwe, juu ya mama aliyekufa zamani. Kisha akauliza:

— Papa, maneno nilikupatia ni gani?

Mzee akatabasamu, fahari imemjaa usoni.

— Jembe, ndizi, taa!

Alisema hivyo kama mtu anayesali Baba Yetu. Séphora akaweka kichwa juu ya magoti yake, akalia. Baba akampapasa nywele, akamuuliza nani amemchapa.

Alimpigia Sadrack akiwa bado na machozi.

— Sadrack, Papa ni mugonjwa. Anasahau. Hakukutukana weye, hakukutambua tu.

— Ule ugonjwa wenye unasomeaka?

— Ndiyo.

— Unajua tangu lini?

— Tangu leo.

Nyuma ya sauti yake zilisikika pikipiki za Beni.

— Séphora, mie niko mutu wa kakao. Kakao ikioza naisikiaka harufu mbele nifungue mufuko. Na weye unapimaka bazee ya Butembo muzima, ya kwenu haukuona?

— Alikuwa anajibu yote! Nilimuzoeza bila kujua. Vraiment, sikuona.

— Ulificha. Ulitaka nikuoe kwanza, njo nikuje kujua.

— Naapa mbele ya Mungu.

— Tante anauliza kama inapitaka mu damu.

Hapo angeweza kudanganya. Mwingine angedanganya, na leo angekuwa mke wa mtu. Lakini wazee wangapi walimuuliza swali hilo hilo, naye akawajibu ukweli?

— Wakati ingine inapita. Haiko kwa batu wote.

— Donc ni kweli.

— Unaogopa ugonjwa, Sadrack?

— Ugonjwa, hapana. Naogopa mutu mwenye anaweza kuniangalia mu macho na kunificha.

Akakata. Séphora akapiga, akapiga tena. Akaandika: "Kuya uniangalie mu macho, njo uamue." Jibu lilifika kesho yake: "Usinitafute tena. Mungu akusaidie na Papa."

Rafiki yake Bénite alimjia juu.

— Panda pikipiki, uende Beni! Umuangukie! Mapenzi haimalizikake mu simu!

Séphora alivaa viatu kweli, mkoba begani. Alipofika mlangoni alimkuta baba yake naye anatoka, koti amelivaa nje ndani, jembe mkononi.

— Papa, unaenda wapi?

— Mama yako ananingojea mu shamba.

Mkoba ukarudi ukutani. Nani angemwachia? Mapenzi yanaweza kungoja, alijiambia. Hayakungoja.

Mwaka ukazunguka. Siku ya soutenance, ya kuitetea kazi yake ya master, Séphora alisimama mbele ya maprofesa, sauti yake imara. Bénite alikuwa amefanya ujanja wake: nyuma kabisa ya ukumbi alisimama Sadrack, kofia mkononi.

Profesa mmoja akauliza kwa nini ameandika kwamba kipimo chaweza kumdanganya mpimaji. Yote yalikuwa kwa Kifaransa mpaka hapo. Hapo Kifaransa kilimkimbia.

— Ju kilinidanganya mie. Nilijizoeza kwa muzee moja mpaka akashika majibu mu kichwa. Nilikuwa nasema yeye ndiye muzima kupita bote. Siku ugonjwa ulionekana, nilipoteza mutu mwenye nilikuwa napenda, ju hakuamini kama sikujua. Sina kinyongo naye. Nani angeamini?

— Na huyo mzee ni nani?

— Ni papa yangu.

Sadrack akajifunika uso kwa kofia.

Walikutana nje, wengine wakipiga picha na maua.

— Séphora, nilikosa. Ningekuja siku ile, ningekuangalia mu macho, ningejua.

— Haukukuja.

— Unisamehe.

— Nilishakusamehe zamani. Tante hajambo?

Sadrack akatazama chini.

— Tante aliniletea mutu. Wa Kamango. Papa yake... alishakunywa kasiksi.

Séphora hakulia.

— Unamupenda?

— Ni mutu muzuri.

— Sikukuuliza ile.

— Sema neno moja tu, Séphora. Nitavunja yote leo.

Na alilitaka neno hilo, jamani! Alilitaka kuliko diploma.

— Ule dada alikukosea nini? Kwao pia kuko papa, kuko kibuyu. Kasiksi ikimwagika najua namna inaumaka. Hapana, Sadrack. Enda.

Akaenda. Safari hii alilia yeye, mwanaume mzima, mbele ya watu.

Nyumbani, Mama Orpa wa jirani alikuwa amemkalisha mzee mlangoni, kwenye jua kidogo. Mzee akainua macho.

— Weye ni nani, mama?

— Ni Séphora, Papa. Nimemaliza masomo.

— Jembe, ndizi, taa, akasema mzee kwa heshima, kama anayelipa salamu.

— Wasingya, aksanti Papa. Ni vile vile.

Akainama kumfunga kamba za viatu. Mzee akamshika mkono ghafla, macho yameng'aa.

— Na ule kijana wa Beni iko wapi? Wa kakao. Mwenye kucheka kwa nguvu.

Séphora hakuweza kuinua kichwa.

— Iko Beni, Papa.

— Mie namupendaka ule mutoto. Umuambie akuje na kasiksi yake. Nitakunywa.

— Nitamuambia, Papa.

— Umuambie asichelewe.

Alimaliza kufunga kiatu cha pili, akakaa pale pale chini machozi yakimtiririka. Kisha akaingia ndani kumletea baba yake maji.