Mti wa Pyang

Kijito walichokivuka asubuhi maji yakiwafika magotini, alasiri kilikuwa kinang'oa miti. Wakirudi, Vireak aliteleza kwenye jiwe la tatu. Mkondo ukambamiza, ukachukua begi la chakula pamoja na simu, na Treng alipomvuta ukingoni, mfupa wa muundi ulikuwa umetokeza nje ya ngozi.

"Miaka kumi na miwili unawapandisha wageni ngazi za mahekalu," Treng alimwambia huku akimfunga mguu kwa vijiti na kilemba chake, "halafu jiwe moja la kwetu linakushinda?"

"La kwenu limepakwa mafuta, dada," Vireak akajibu, meno yakigongana.

Ndiye aliyetaka kuja. Amechoka na mahekalu, alisema. Alitaka maporomoko ambayo wageni hawajayaona. Treng, wa kabila la Wabunong wa Mondulkiri, milimani mashariki mwa Kambodia, alikubali kumwongoza hata walipopita mpaka wa msitu wa kijiji chake. Hapo ndipo alipokosea. Upande huu hakujua vivuko, na nyuma yao kijito cha pili nacho kilikuwa kimefurika.

Siku mbili mvua haikukatika. Walikinga maji kwa majani, wakatafuna machipukizi machungu. Siku ya tatu mvua ilinyamaza, lakini mguu ulikuwa unanuka.

"Niache, dada. Nenda."

"Niende wapi? Na wewe nyamaza, unamaliza pumzi bure."

Treng alipanda mlimani hatua mia mbili na kukuta mti mkubwa wa utomvu. Shinani ulikuwa na tundu la kugemea, na juu ya tundu alama ya mwenyewe: mikato mitatu ya panga. Aliijua. Ilikuwa ya ukoo wa Pyang, mtu mkali, ambaye msimu wa mvua huishi na watu wake kwenye shamba la mpunga, ambalo Treng hakujua liliko.

Kwa Wabunong, kuiba utomvu wa mtu ni aibu. Ukiua mti wake, hakuna hata atakayekutetea. Mgemaji huwasha moto tunduni dakika chache tu, utomvu ushuke, kisha huuzima kwa tawi bichi. Ukiachwa, moto hula moyo wa mti. Lakini msimu huu hakuna anayegema, na moshi mweusi wa utomvu kila Mbunong anaujua. Pyang hangekuja kwa ajili ya kelele za mtu. Kwa mti angekuja mbio.

Lisilo budi hutendwa. Treng alitoa mkobani kiberiti alichokifunga kwenye nailoni, akawasha, akakaa chini bila tawi mkononi.

Jua lilikuwa utosini Pyang alipotokea na panga, tope hadi kiunoni. Hakumsalimia. Aliupiga moto kwa majani mpaka ukazimika, akaingiza mkono tunduni, akautoa mweusi.

"Umekufa huu. Babu yangu aliukuta mkubwa. Una wazimu, Treng?"

"Nina mtu anakufa pale chini."

Pyang alishuka kumtazama. Alitukana kwa muda, kisha akachuchumaa.

"Mpandishe mgongoni mwangu. Kuna gogo la kuvukia huko juu." Walipokuwa njiani akauliza, "Utanipa mti gani?"

"Wa mama."

Akiwa mgongoni mwa Pyang, Vireak alianza kusema kwamba msitu mzima umejaa miti. Kisha akauona mkono mweusi wa Pyang, akaikatiza sentensi.

Mguu uliokolewa, ingawa hautakunjika tena. Siku Vireak alipotoka hospitali, aliomba kufuatana na Treng na Pyang msituni. Alikwenda kwa magongo mpaka kwenye mti ambao mama yake Treng alimwachia kabla ya kufa. Treng alichukua panga, akafuta alama ya ukoo wake, akachonga mikato mitatu kwa mkono wake mwenyewe. Hakujuta. Alilia tu, na Pyang akageukia pembeni, akamngoja amalize.