Taa Arobaini za Kinoo

Siku jua lilipopatwa, Jumamosi ya mwisho ya Juni 1973, Barabara ya Government, Nairobi, ilijaa watu hadi magari yakashindwa kupita. Wenye maduka walifunga milango wakatoka nje na vipande vya vioo vilivyopakwa masizi. Makarani waliotoka kazini saa saba hawakwenda nyumbani. Ilipokaribia saa kumi mwanga ulianza kufifia, ukawa kama chai ya rangi.

Mbithe alisimama ukingoni mwa barabara, gauni lake la manjano limeishia juu ya magoti, nywele amezichana zikasimama. Akainua uso alitazame jua. Ghafla kofia ikamfunika macho.

"Wee! Nani huyo?"

"Usitazame hivyo, utapofuka," ilisema sauti ya mwanamume. "Ukitaka kunipiga nipige, lakini fumba macho kwanza."

Mbithe aliiondoa kofia akamwona kijana mrefu, suruali pana miguuni, mkononi ameshika boksi la viatu lenye tundu.

"Na hiyo boksi? Unauza viatu?"

"Chungulia ndani."

Ndani, juu ya karatasi nyeupe, palikuwa na jua dogo lililoumwa upande mmoja kama mandazi. Mbithe alicheka hadi watu wakageuka.

"Unaitwa nani, mwenye jua?"

"Dalmas Oloo. Nafanya kazi ofisi ya hali ya hewa."

"Kumbe ni nyinyi mnatudanganya kwa redio!"

"Mimi naandika tu. Wanaodanganya ni wakubwa wangu."

Kabla jua halijarudi kuwa zima, Dalmas alikwisha kujua kwamba Mbithe Muli alitoka Machakos, kwamba alichora ramani katika kampuni ya mainjinia karibu na Mtaa wa Kimathi, na kwamba aliishi Muthangari kwa shangazi yake Mukonyo, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja kubwa huko. Alijua pia nambari ya simu ya ofisi.

Jumatatu, saa nne ya chai, simu ililia.

"Nataka kuongea na yule msichana aliyekosa kupofuka."

"Ni mimi. Leo kutanyesha?"

"Kwangu kumeanza kunyesha tangu Jumamosi, dia."

"Wacha mchezo wako, Mjaluo wewe," Mbithe alisema, lakini aliurudisha mkono wa simu polepole, kama anayelaza mtoto.

Julai na Agosti mawingu yaliufunika mji mchana na usiku. Walikunywa chai River Road, wakatembea Jumapili baada ya kanisa. Septemba anga ilipofunguka, Dalmas akasema, "Nataka kukuonyesha kitu ambacho hakipo mjini."

"Dhahabu?"

"Giza."

Akampeleka Kinoo, kando ya barabara iendayo Nakuru. Rafiki yake Haron alikuwa na kioski cha chai hapo, na nyuma ya kioski palikuwa na uwanja tambarare juu ya ukingo wa bonde. Waliketi juu ya gunia saa moja na nusu jioni, mwezi haupo. Dalmas alitoa fremu tupu ya mbao, kama ya picha, akaiinua angani.

"Hesabu nyota zilizo ndani ya fremu. Pale Woodley ninapokaa zinafika kumi na moja. Hapa zinapita sitini. Sasa geuka utazame Nairobi."

Mbithe aligeuka. Upande wa mashariki anga ilikuwa na wekundu hafifu, kama msitu unaoungua nyuma ya kilima.

"Ni taa za mji," Dalmas alisema. "Kila mwaka huo wekundu unapanda. Usipokuwa na giza, nyota ziko lakini huzioni. Nimeandika hesabu za miaka mitatu. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu ameniambia Januari atakuja kukagua. Pakimfaa, ataomba darubini iwekwe hapa, watoto wa shule waje kutazama bure. Mimi nilimaliza darasa la nane bila kuona darubini, Mbithe. Hata picha yake."

Mbithe alijikunja juu ya gunia. Alikuwa anatetemeka.

"Unasikia baridi, nyar Machakos?" alimwita kwa Kijaluo, binti wa Machakos.

"Baridi ya Kinoo, wacha tu."

Dalmas akavua koti akamfunika, kisha akarudisha macho juu. Ikawa hivyo kila mwezi. Yeye anashika fremu, Mbithe anahesabu na kuandika kwa ule mwandiko wake ulionyooka, na koti liko mabegani mwake.

Mwishoni mwa Novemba Dalmas alikuta nguzo za chuma zimelazwa kando ya barabara ya Kinoo, kila baada ya hatua thelathini. Alimkimbilia msimamizi wa kazi.

"Hizi ni za nini?"

"Taa, bwana. Arobaini. Krismasi zitakuwa zinawaka." Msimamizi alimkunjulia ramani juu ya boneti ya gari.

Dalmas hakuhitaji kuisoma ramani. Aliutambua mwandiko. Chini pembeni paliandikwa: M. Muli, Julai 1973.

Siku ya pili alipiga simu. Hakuulizia mvua.

"Ulijua tangu Julai?"

"Dalmas, haya si mambo ya simu."

"Jibu tu."

"Nilijua."

"Na ulikuwa unakuja pale, unanihesabia nyota, na huku ofisini umechora taa!"

"Nilitaka kukuambia. Kila mara nilitaka."

"Ungeniambia lini? Zikishawashwa?"

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

"Usiniite hivyo," akasema, na simu ikakatika.

Jioni hiyohiyo, kwa hasira, Dalmas alijaza fomu ya kuomba uhamisho kwenda kituo cha Lodwar, jangwani kaskazini, mahali ambapo hakuna karani aliyekubali kwenda kwa hiari. Mbithe alimpigia mara nne. Mara nne Dalmas alisimama kando ya simu akitikisa kichwa, na mwenzake akasema, "Hayupo, mama. Ametoka."

Mwalimu wa chuo kikuu alikuja wiki ya pili ya Januari. Magazeti yalikuwa yameahidi nyota yenye mkia, kubwa kuliko zote za karne hii, na watu wa mjini walikuwa wanapanda juu ya maghorofa jioni na kushuka bila kuona kitu. Dalmas alidhani kutoka Kinoo nyota hiyo ingeonekana. Walisimama uwanjani, taa arobaini zinawaka nyuma yao nyeupe kama maziwa, wakautafuta mkia hadi shingo zikauma. Mwalimu akafunga daftari.

"Mahali hapa pangefaa, Bwana Oloo," alisema kwa upole. "Mwaka jana."

Gari lake lilipoondoka, Dalmas aliingia kwa Haron akaketi bila kuvua kofia.

"Yule msichana amenimaliza."

Haron aliacha kufuta meza. "Kwani mpaka leo hajakuambia?"

"Aniambie nini?"

"Aliniomba nisiseme, lakini sasa naona kunyamaza ni dhambi. Kaka yake, Wambua, alikuwa seremala hapa juu. Mwaka juzi alikuwa anarudi kwa baiskeli, giza, lori likamgonga pale kwenye kona na halikusimama. Watu walipita kando yake usiku mzima. Nani angeona mtu mtaroni? Mimi ndiye nilimpata asubuhi, Dalmas. Alikuwa bado na joto."

Kutoka uwanjani hadi kwenye kona hiyo hazifiki hatua mia.

Jumapili Dalmas alikwenda Muthangari. Shangazi Mukonyo alimfungulia mlango, akasema, "Yuko nyuma, anafua. Usimlize zaidi, mwanangu. Amelia vya kutosha."

Mbithe alikuwa amejifunga leso, povu hadi viwiko. Alipomwona hakusimama.

"Haron ameniambia," Dalmas alisema. "Ningejua nisingekupeleka pale. Kwa nini ulikuja?"

"Kwa sababu ulikuwa unafurahi. Niliona nikikuambia, hutafurahi tena mahali pale." Alikamua shati. "Nilikuwa naogopa, Dalmas. Kila siku niliyoketi pale nilitetemeka na ukanipa koti. Hukuwahi kunitazama usoni uone kama ni baridi. Ulikuwa unatazama juu."

Dalmas alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, suruali yake ya kanisani ikalowa.

"Nisamehe. Tuoane, Mbithe."

Alimwekea mkono wenye povu shavuni. "Nimekusamehe tangu ile simu. Kuoana ningetaka. Tutakaa wapi, Woodley?"

Dalmas aliinamisha kichwa. "Niliomba uhamisho nikiwa na hasira. Wamekubali. Lodwar, miaka mitatu. Naondoka mwisho wa mwezi."

"Lodwar kuna taa?"

"Hakuna."

Mbithe alicheka kidogo, na machozi yakatoka pamoja na kicheko. "Ungesema popote pengine."

"Nitaukataa."

"Ukatae, ubaki hapa kuhesabu nyota kumi na moja. Halafu siku moja utaniangalia kwa jicho la ile siku ya simu."

"Sitakuangalia hivyo."

"Hutataka. Lakini utaniangalia."

Walikaa hapo mpaka nguo zikakauka kwenye kamba, mikono imeshikana.

Mwisho wa mwezi Mbithe alimsindikiza hadi kwenye basi, amevaa sketi nyeusi ya kazini kwa kuwa alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu. Dalmas alipanda, akashuka, akamkumbatia mbele ya watu, akapanda tena. Ofisini injinia alimwuliza Mbithe macho yamefanya nini. Akasema ni vumbi la stendi.

Machi ilikuja barua kutoka Lodwar. Dalmas alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili, na alimwomba tena waoane. Mbithe aliisoma saa ya chakula katika bustani ya Jeevanjee, kisha akaandika majibu matatu. La kwanza lilisema ndiyo. La pili lilisema ngoja. La tatu lilisema hapana, na hilo ndilo alilolitia posta, akitembea haraka kabla moyo haujamgeuka.

Barua ilifika baada ya siku kumi na moja. Dalmas aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena ameketi. Kisha akachukua daftari akatoka kwenda kupima mvua, kwa kuwa ilikuwa imefika saa ya kupima, ingawa huko Lodwar haikuwa imenyesha hata tone tangu afike.